Jinja, Mji wa Viwanda kwenye Mlango wa Nile: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Abiria wengi wa mabasi ya Nairobi na Kampala huipita Jinja usiku wakiwa wamelala. Wachache wanaoshuka huja kwa jambo moja tu, kupiga picha pale Nile inapotoka ziwani, kisha huyo, wanaondoka. Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kukaa kidogo na kuuliza mji huu ulitoka wapi. Jinja ilijengwa na maji yanayoanguka. Kiwanda, reli, hekalu, kambi ya jeshi, hata biashara ya watalii, ukifuatilia asili ya kila kimoja utarudi kwenye mto.

Jinja iko wapi hasa?

Iko mashariki mwa Uganda, kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Victoria, kilomita 80 hivi kutoka Kampala kwa barabara inayokata msitu wa Mabira. Mji wenyewe umekaa ukingo wa mashariki wa Nile, katika nchi ya Busoga. Ng'ambo ya mto ni Njeru, na huko tayari ni Buganda. Wageni huchanganya pande hizi mbili: kiwanda cha bia cha Nile na mnara wa kumbukumbu ya msafiri Mwingereza John Speke, ambavyo kila mtu huvitaja kama vya Jinja, viko Njeru.

Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto lake halichoshi. Ulipewa hadhi ya jiji Julai 2020 na mipaka yake ikapanuliwa. Ukikuta takwimu ya zamani inayosema Jinja ina watu elfu sabini na kitu, hiyo ni ya sensa ya 2014, kabla vitongoji vya pembeni havijaingizwa.

Je, ni kweli Nile inaanzia hapa?

Inategemea unauliza nini. Ukiuliza Nile Nyeupe inatoka wapi Ziwa Victoria, jibu ni hapa, wala hakuna mlango mwingine. Lakini ziwa nalo hulishwa na mito, na mkubwa kuliko yote ni Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi. Warundi wana haki ya kukupeleka Rutovu, kusini mwa nchi yao, wakuonyeshe chemchemi yenye piramidi ndogo juu yake, na Wanyarwanda wana haki ya kukupeleka msitu wa Nyungwe. Tena, sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri hutoka Ethiopia kwa njia ya Nile ya Buluu, inayokutana na hii Nyeupe pale Khartoum.

Kitu kinachonikera ni ile habari kwamba Speke "aligundua" mahali hapa tarehe 28 Julai 1862. Wasoga na Waganda walikuwa wakivua na kuvuka hapa vizazi na vizazi. Speke alifika akiongozwa na wenyeji, na msafara wake ulitoka Zanzibar na bara la pwani mwaka 1860 ukiwa na wapagazi na waungwana waliozungumza Kiswahili, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, mzaliwa wa Uyao aliyewahi kuuzwa utumwani mpaka India. Bila watu hao hakuna mzungu ambaye angelifika. Alichofanya Speke ni kuyapa maporomoko jina la mkubwa wa chama cha jiografia cha London, Ripon, na kupeleka habari Ulaya.

Nimefika chanzo cha Nile na sikuona maporomoko yoyote. Yako wapi?

Yako chini ya maji. Maporomoko ya Ripon yalikuwa ngazi fupi ya mawe ambayo ziwa lilimwagikia mtoni. Bwawa la umeme la Owen lilipojengwa kilomita chache kuelekea chini, mawe yalivunjwa ili maji yapite kwa wepesi, kisha kina kikapanda na kuyafunika yaliyobaki. Tangu 1954 mahali hapo ni maji mapana yanayokwenda kimyakimya.

Bado panafaa kuonwa, ila panda boti. Ukisimama bustanini utaona mto tu. Ukiwa ndani ya boti, nahodha atazima injini karibu na kibao kilichosimama juu ya mawe madogo katikati ya mkondo, na hapo utahisi chombo kinaanza kwenda chenyewe kuelekea kaskazini. Atakuonyesha pia mahali maji yanapochemka juujuu na kukuambia hapo kuna chemchemi ya chini. Tazama ndege: mnandi mweusi akianika mbawa juu ya gogo, furukombe juu ya mti. Patana bei kabla ya kuingia, na vaa jaketi la kuokolea hata kama wenzako hawavai.

Kabla ya viwanda palikuwa na nini?

Palikuwa na kivuko, wavuvi, na vijiji vya ukingoni. Halafu, mwanzoni mwa karne ya 20, malale yaliangamiza pwani ya Busoga. Mbung'o waliokuwa vichakani kando ya ziwa waliueneza ugonjwa, na watu waliokufa katika eneo lote la kaskazini mwa ziwa wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Gavana Hesketh Bell akaamuru walio hai wahamishwe kutoka ukingoni. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ardhi nzuri karibu na mji ilibaki tupu kwa miaka mingi, na ndiyo sababu mojawapo mashamba makubwa ya miwa yakapata nafasi baadaye. Jambo hili husahauliwa na wanaosimulia historia ya Jinja kama hadithi ya maendeleo tu.

Waingereza walifanya Jinja makao yao ya Busoga, na pamba ikaleta pesa. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo mizigo ilivuka ziwa kwa meli za mvuke. Mwaka 1912 ikafunguliwa reli fupi ya Busoga kutoka Jinja mpaka Namasagali, kwa sababu kati ya sehemu hizo mbili Nile ina maporomoko yasiyopitika kwa chombo. Pamba ya Teso na Lango ilishuka kwa meli katika Ziwa Kyoga, ikapanda treni Namasagali, ikapanda meli tena Jinja kwenda Kisumu, ikapanda treni nyingine kwenda Mombasa. Reli kuu iliyopitia Tororo ilipofika, na daraja la reli juu ya Nile kukamilika mwaka 1931, mzunguko huo wa kupakia na kupakua ukaisha na Jinja ikawa kituo cha katikati ya nchi.

Bwawa la Owen lilijengwaje, na Misri inahusikaje?

Wazo lilikuwepo tangu 1907, Winston Churchill alipopita hapa na kuandika kwamba nguvu hii inapotea bure. Ujenzi ulianza mwishoni mwa miaka ya 1940, na Malkia Elizabeth II akalifungua bwawa tarehe 29 Aprili 1954. Lilikuwa na mashine 10 zenye uwezo wa megawati 150 kwa jumla, na baada ya matengenezo zikafika 180. Mwaka 1958 umeme wake ukaanza kwenda Nairobi kwa waya za kupitia Tororo, kwa hiyo taa nyingi za Kenya ya miaka ile ziliwashwa na mto huu.

Misri iliingia kwa sababu kila tone linalopita hapa mwisho wake ni kwao. Ilikubaliana na Uingereza kuhusu namna maji yatakavyoachiliwa, ikachangia fedha, na mhandisi wake akawekwa Jinja kupima mtiririko. Makubaliano hayo yalifanywa na watawala wa kikoloni bila kuwauliza Wasoga, Wakerewe wala Waluo wanaoishi kando ya ziwa hilo hilo, na mpaka leo mabishano ya mikataba ya Nile yana mizizi yake hapo.

Mwaka 2000 bwawa lilibadilishwa jina likaitwa Nalubaale, na kituo cha pili, Kiira, chenye uwezo wa megawati 200, kikaanza kazi pembeni yake.

Mji huu ulikuwa na viwanda gani?

Swali hili lingestahili kitabu. Serikali ya kikoloni ilianzisha Shirika la Maendeleo la Uganda mwaka 1952 ili umeme wa bwawa upate wateja, na ndani ya miaka michache Jinja ikawa mji wa ving'ora vya zamu.

Kikubwa kilikuwa kiwanda cha nguo cha Nyanza, ambacho watu wote walikiita NYTIL. Kwa mara ya kwanza pamba ya Uganda ilisokotwa, ikafumwa na kutiwa rangi nyumbani badala ya kwenda ng'ambo ikiwa marobota. Mwaka 1956 kikafunguliwa kiwanda cha kuyeyusha shaba. Reli ilikuwa imerefushwa mpaka Kasese, na mchanga wa shaba wa migodi ya Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulisafirishwa kuvuka karibu nchi nzima kuja Jinja kwa sababu moja tu: tanuru lilihitaji umeme mwingi. Shaba ghafi iliyotoka hapo ilipanda treni kwenda Mombasa.

Kulikuwa na kiwanda cha chuma, cha sigara, cha bia, cha majembe cha Chillington, cha maboksi, cha unga. Na kilomita 15 hivi mashariki kulikuwa na Kakira, ambako Muljibhai Madhvani, aliyetoka Gujarati akiwa kijana mdogo mwaka 1908, alisimamisha kinu cha sukari mwaka 1930.

Wafanyakazi walitoka kila upande. Wengi walikuwa Wasoga, lakini Waluo na Waluhya kutoka Kenya walijaa viwandani na kwenye reli, pamoja na watu wa kaskazini na magharibi mwa Uganda. Serikali iliwajengea mtaa wa Walukuba, vijumba vya safu vilivyofanana. Ukitembea Walukuba leo utasikia majina ya familia kutoka nusu ya Afrika Mashariki.

Mbona majengo ya katikati ya mji yanafanana na ya mji wa Kihindi?

Kwa sababu yalijengwa na Wahindi. Kabla ya 1972 walikuwa sehemu kubwa ya wakazi wa mji, na biashara nyingi zilikuwa zao: pamba, maduka, ufundi, sinema, uwakili. Tembea barabara kuu asubuhi kabla jua halijawa kali, na usitazame madirisha ya duka. Inua macho. Chini ya paa utaona maua ya saruji, nguzo za duara, roshani zenye vyuma vilivyopindwa, na katikati jina la ukoo au la binti, na chini yake mwaka: miaka ya 1920, ya 1930, ya 1940. Rangi imebanduka na mara nyingi waya za simu zimepigiliwa juu ya maandishi, lakini yanasomeka. Chini ya jina la mwenye nyumba wa mwaka 1936 kuna kibao kipya cha duka la simu.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, na wakapewa siku 90. Waliondoka na masanduku. Nyumba na maduka yakagawiwa, na wengi waliogawiwa hawakujua kuendesha biashara, wala hapakuwa na wa kuwafundisha. Baadhi ya familia zilirudishiwa mali miaka ya 1990 na chache zilirudi kuishi. Mahekalu na misikiti yao bado inatumika. Ninaona ni aibu kwamba majengo haya yanaendelea kubomolewa moja moja na kubadilishwa na maghorofa ya vioo, kwa kuwa hakuna mji mwingine Uganda wenye mtaa kamili wa aina hii.

Kwa hiyo ni Amin aliyeviua viwanda?

Alianza yeye, lakini hakuwa peke yake. Mafundi na mameneja walipoondoka, vipuri vikakosekana, na fedha za kigeni zikaisha. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na soko la Kenya na Tanzania likafungwa pamoja na huduma za reli ya pamoja. Vita vya 1979 vikafuata, kisha vurugu za miaka ya 1980. Bei ya shaba ilishaporomoka, na tanuru likazimika.

Kuna sababu nyingine isiyotajwa sana. Umeme ulipoanza kusafirishwa kwa urahisi kwenda popote, kukaa karibu na bwawa hakukuwa faida tena. Mwenye mtaji wa leo anafungua kiwanda Namanve, mlangoni mwa Kampala, karibu na wateja wake. Jinja ilibaki na bwawa, ikapoteza sababu ya watu kulifuata.

Hata hivyo mji haujafa. Familia ya Madhvani ilirudi 1985 ikaikuta Kakira magugu matupu, ikaifufua mpaka ikawa kinu kikubwa kuliko vyote nchini, na kwa kuchoma makapi ya miwa inazalisha umeme wa megawati 52. NYTIL ya zamani sasa ni Southern Range Nyanza, na inajulikana kwa kushona sare za jeshi na za kazi. Bidco inakamua mafuta ya kula, na mawese yake mengi yanatoka visiwa vya Kalangala. Kuna viwanda vya chuma na vya samaki. Ajira haijarudi kama ilivyokuwa, na mzee wa Walukuba atakueleza kwamba zamani king'ora cha saa kumi na mbili kiliamsha mji mzima.

Sukari nayo ina upande wake mchungu. Wakulima wengi wa Busoga wameng'oa mihogo na viazi wakapanda miwa ya kuuza kinuni. Miwa hukaa shambani mwaka na zaidi kabla ya kulipa, na bei ikianguka nyumba inabaki haina chakula wala pesa.

Nasikia jeshi liliasi hapa mwaka 1964. Ni kweli?

Ni kweli. Ilikuwa wiki moja ya Januari: Tanganyika tarehe 20, Jinja tarehe 23, na Lanet nchini Kenya tarehe 24. Askari wa Jinja walidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, wakamshikilia waziri Felix Onama aliyekwenda kuzungumza nao. Askari wa Uingereza waliletwa kutuliza. Tofauti ilikuja baadaye: Nyerere alilivunja jeshi lote na kuanzisha JWTZ, ilhali Obote aliwaongezea askari mishahara na kuharakisha kupandisha vyeo. Mmoja aliyepanda haraka ni Idi Amin, ambaye sehemu ya utumishi wake aliifanya katika kambi hiyo hiyo. Kambi bado inatumika, kwa hiyo usiende na kamera.

Kabalega anahusianaje na Jinja?

Kabalega, Omukama (yaani mfalme) wa Bunyoro, aliyepigana na Waingereza miaka mingi, alikamatwa 1899 na kupelekwa uhamishoni Ushelisheli. Mwaka 1923 alipewa ruhusa ya kurudi akiwa mzee. Alifika Jinja, akafia hapa kwenye kilima cha Mpumudde mwezi Aprili, kabla ya kuiona Bunyoro, na akazikwa Mparo, Hoima. Mahali alipofia pana kumbukumbu. Hapana msongamano wa watalii, na hilo ni kosa la watalii.

Kuna sanamu ya Gandhi pale mtoni. Kwa nini?

Sehemu ya majivu yake ilimwagwa mtoni hapa mwaka 1948. Sanamu ilizinduliwa 1997 na waziri mkuu wa India wa wakati huo, I. K. Gujral.

Ziwa likijaa Kisumu au likikauka Mwanza, je, ni bwawa la Jinja?

Watu wa pande zote za ziwa huuliza hivi, na wana haki. Tangu 1954 mlango wa ziwa una kufuli, na mwenye ufunguo yuko Jinja. Kanuni iliyowekwa ni kwamba maji yaachiliwe kwa kiasi kile kile ambacho maporomoko ya Ripon yangeliachilia yenyewe: ziwa likiwa juu yatoke mengi, likiwa chini yatoke machache.

Baada ya Kiira kuanza kazi, maji yaliyopitishwa yalizidi kanuni hiyo, na kwa kuwa mvua nazo zilikuwa chache, ziwa likashuka vibaya mwaka 2005 na 2006. Gati zilibaki juu, wavuvi wakaburuta mitumbwi kwenye matope. Ukame ulichangia na mitambo ilichangia.

Mwaka 2020 mambo yalikuwa kinyume. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019 zilipandisha ziwa mpaka likavunja rekodi ya 1964, likafurika Kisumu, Entebbe, Mwanza na Jinja yenyewe. Hapo bwawa halikuwa chanzo, maana hata milango yake yote ingekuwa wazi mvua ile isingeisha upesi. Aprili mwaka huo kisiwa cha mafunjo kilichong'oka ziwani kilielea mpaka bwawani, kikaziba mitambo, na Uganda nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa.

Bado inawezekana kushuka maporomoko kwa boti ya mpira?

Ndiyo, ila mto umefupishwa. Biashara hii ilianza mwaka 1996 na kwa miaka kumi na tano maporomoko ya Bujagali yalikuwa uwanja wake. Kisha likajengwa bwawa la Bujagali, megawati 250, lililozinduliwa Oktoba 2012, na maporomoko yale yakazama. Kwa Wasoga hapakuwa pa kuchezea: ni makao ya mzimu wa Budhagali, na mlinzi wake aliendesha mabishano marefu kuhusu kama mzimu unaweza kuhamishwa. Baadaye bwawa la Isimba, megawati 183, lililoanza 2019, likafunika sehemu nyingine.

Waongozaji sasa wanatumia kipande kilichobaki katikati, chenye mawimbi makali kweli. Poromoko la Itanda bado lipo na linaunguruma, na unaweza kulifikia kwa barabara ukakaa juu ya miamba bila kulowa. Usikubali kupelekwa mtoni na kampuni ambayo haitoi kofia ngumu na haina kayaki za uokoaji. Kwa wanaopenda kuruka kwa kamba, kuna jukwaa juu ya maji.

Nchi inahitaji umeme, nakubali. Lakini mtu anayesema mabwawa haya hayakugharimu kitu hajamuuliza mwenyeji wa Bujagali.

Na sisi tusiotaka kurukaruka?

Fanya mambo matatu kwa siku mbili. Tembea mtaa wa kati asubuhi kama nilivyoeleza. Jioni panda boti chanzoni, saa kumi au kumi na moja, jua likiwa limelegea. Siku ya pili chukua bodaboda au gari mpaka kilima cha Mwiri, penye shule ya zamani ya Busoga College ambako Milton Obote alisoma. Kutoka juu unaona ziwa upande mmoja na upande mwingine miwa ya Kakira mpaka macho yachoke, na ghafla ramani yote inaeleweka.

Ikulu ya Kyabazinga, mfalme wa Busoga, iko kilima cha Igenge, na kuingia kunategemea ruhusa. Uwanja wa gofu ulio kando ya mto unasifika kwa kanuni yake ya zamani: mpira ukitumbukia kwenye wayo wa kiboko, unaruhusiwa kuusogeza. Soko kuu ni zuri kwa kitambaa na kwa mazungumzo.

Tutakula nini?

Samaki kwanza. Sato wa kukaanga mzima, au sangara kwenye mchuzi wa karanga, pamoja na matoke au viazi vitamu, ambavyo kwa Msoga ni chakula chenye heshima. Dagaa huitwa mukene. Ukija kutoka Kampala, gari litasimama Namawojjolo na wauzaji watakuingizia dirishani mishikaki ya kuku na gonja, yaani ndizi mbivu za kuchoma.

Usiondoke bila kula rolex, chapati ya mayai ambayo Wasoga wanadai ni yao. Mpishi huvunja mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, akakatia kitunguu, nyanya na kabichi humo humo, akakoroga kwa uma mpaka povu, akamimina kwenye bamba la chuma lenye mafuta. Kabla yai halijakauka huweka chapati juu, anageuza mara moja, anatia nyanya mbichi na chumvi, anaviringisha na kufunga kwa karatasi. Mwambie ukitaka pilipili mapema, maana mkono wake hausubiri.

Kiswahili kinatosha?

Kwa kiasi. Sokoni, kwenye vituo vya malori, Walukuba na karibu na kambi utaelewana na watu vizuri. Mitaani watu hutumia Lusoga, Luganda na Kiingereza. Kwa wazee wengine Kiswahili kinakumbusha askari wa zama za Amin, kwa hiyo anza taratibu. Salamu ya "Kodheyo, ssebo" kwa mwanaume au "Kodheyo, nnyabo" kwa mwanamke inafungua mlango, kisha endelea kwa Kiswahili. Katiba ya Uganda inakitambua kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha uamuzi wa kukitekeleza, ila mashuleni kazi bado ni kubwa.

Nafikaje, na nibebe hati gani?

Kutoka Nairobi pita Busia au Malaba. Kutoka Kisumu, Busia ndiyo karibu. Mabasi mengi hukushusha barabara kuu, si katikati ya mji, kwa hiyo jipange kuchukua bodaboda na ukifika usiku mpigie simu mwenyeji wako kwanza. Kutoka Kampala ni gari dogo la abiria, ambalo Uganda huitwa taksi. Bukoba na Mwanza hupitia Mutukula, Masaka na Kampala. Wakenya na Wanyarwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi.

Ninaweza kuogelea ziwani au mtoni?

Kichocho kipo, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani ukingoni, ambako konokono wanaokibeba huishi. Katikati ya mkondo hatari ni ndogo, si kwamba haipo. Ukiingia majini, wiki kadhaa baadaye nenda zahanati ukapimwe na umweleze daktari ulikokuwa. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya bei nafuu na inafanya kazi. Chandarua usiku ni lazima.

Naweza kupiga picha daraja jipya?

Daraja la Chanzo cha Nile, lenye urefu wa mita 525 na kuning'inizwa kwa nyaya, lilijengwa kwa mkopo wa Japani na kufunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Kabla yake malori yote ya kutoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Kongo yalipita juu ya bwawa lile lile la 1954. Kusimama juu ya daraja ni marufuku, na walinzi hawapendi kamera hapo wala bwawani. Piga picha ukiwa kwenye boti, mbali, na ukiambiwa weka chini, weka chini.